Leseni ya Kanga si Soko la Kanga

Wahenga walisema ya kwamba kanga hazai ugenini. Waliliona kundi la ndege hawa likitoka kichakani alfajiri, likiokota punje mbele ya nyumba pamoja na kuku, na jioni likirudi porini kulala juu ya miti. Aliyejaribu kumfungia kanga chini ya tenga alingoja mayai miezi na miezi, asipate ila kelele. Siku hizi methali hiyo ina wapinzani. Wako wafugaji katika nchi ya Kenya ambao kanga wao huanguliwa bandani, hukua bandani, na hutaga humo humo, kwa kuwa hawakujua kamwe nyumba nyingine. Kwa ndege wa namna hiyo bandani si ugenini tena, ni kwao.

Habari hizi zimewatia watu wengi wa Nakuru na Bonde la Ufa la kati tamaa njema. Mashamba yamegawanywa kati ya watoto na wajukuu, na mahali palipowalisha ng'ombe wengi zamani leo panatosha ng'ombe mmoja au wawili. Ndege hutaka mahali padogo. Kwa hiyo mtu mwenye robo eka pale Bahati au Njoro akisikia kwamba kanga huuzwa kwa bei ipitayo ile ya kuku, husimama akafikiri. Kufikiri ni vema. Lakini yako maswali mawili ambayo hayana budi kujibiwa kabla ndege wa kwanza hajanunuliwa, nayo watu huyachanganya kana kwamba ni swali moja. La kwanza ni hili: Je, sheria yaruhusu? La pili ni hili: Je, yuko atakayenunua?

Mfano wa kutungwa utalieleza jambo hili vizuri zaidi. Mzee mmoja wa Bahati alikuwa amejiwekea akiba kidogo kidogo kwa ajili ya karo ya mjukuu wake, binti aliyekuwa akingoja kuingia shule ya sekondari. Siku moja, akirudi kutoka sokoni, alimkuta kijana kando ya barabara ameshika tenga lenye vifaranga kumi vya kanga. Kijana alisema maneno matamu. Alisema kwamba hoteli za Naivasha hugombea nyama ya kanga, na kwamba baada ya mwaka mmoja vifaranga kumi vitakuwa mia. Mzee alihesabu moyoni, akatoa sehemu kubwa ya akiba ile, akalichukua tenga.

Jumapili iliyofuata mtoto wa ndugu yake, ambaye ni karani mjini, alifika kumwamkia. Alipoviona vifaranga aliuliza, "Baba mkubwa, karatasi za ndege hawa ziko wapi?"

Mzee alicheka. "Mwanangu, huyu ni kuku aliyevaa madoa. Tangu lini kuku akaandikiwa barua?"

"Kuku hana ndugu huko porini, Baba mkubwa," akajibu yule kijana kwa upole. "Kanga anao. Mtu wa serikali akija, atauliza kama hawa walitoka bandani kwa mfugaji au walitoka kiotani kichakani. Utamwambia nini?"

Mzee alinyamaza. Kijana mwenye tenga hakuacha jina wala risiti. Huenda mayai yale yaliokotwa na watoto katika vichaka, na kuku akayaatamia. Huenda sivyo. Hapo ndipo ilipo shida yote ya jambo hili: kifaranga cha porini na kifaranga cha bandani ni sura moja, madoa mamoja na sauti moja. Hakuna awezaye kuwatambua kwa macho. Kinachowatofautisha ni maandishi tu.

Yafaa watu waelewe sheria hii ilitoka wapi, maana wazee wengi huishuku, nao wana sababu. Zamani za ukoloni, leseni ya kuwinda ilikuwa kwa mwenye fedha na bunduki. Mzungu aliyelipa ada aliitwa mwindaji, na Mwafrika aliyetega kitanzi ili apate kitoweo aliitwa mwizi wa wanyama. Kumbukumbu hiyo haifutiki upesi, na mtu akisikia neno "leseni" hudhani kwamba mlango unafungwa tena mbele ya uso wake.

Baada ya uhuru mambo yaligeuka. Bunge lilipitisha sheria mpya ya wanyamapori mwaka 1976. Mwezi Mei 1977 serikali ilipiga marufuku uwindaji wa wanyama, na mwaka 1978 ikakataza biashara ya ngozi, pembe na vitu vingine vitokanavyo na wanyama hao. Mwaka 1989 sheria ilirekebishwa, na likaundwa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, ambalo watu hulitaja kwa herufi KWS. Kisha ikaja sheria ya mwaka 2013, iliyoanza kutumika tarehe 10 Januari 2014. Katika sheria hizi zote neno kuu ni lile lile: mnyama au ndege wa porini si mali ya mtu aliyemkuta shambani mwake, bali ni amana ya taifa. Kanga akiruka ukuta akaja kula mahindi ya mtu, hajawa wa mtu huyo.

Sheria hiyo hiyo, hata hivyo, iliacha mlango. Inatambua ufugaji wa wanyamapori mahali palipozungushiwa na kusimamiwa, kwa ajili ya uhifadhi, biashara au burudani. Inataja viumbe ambao mtu aweza kuomba ruhusa ya kuwafuga hivyo, na miongoni mwa ndege waliotajwa ni mbuni na kanga. Maana yake ni kwamba asiye na bunduki wala shamba kubwa aweza leo kuwa na ndege wa porini kwa haki, mradi afuate njia. Zamani leseni ilikuwa ya kuua. Hii ni leseni ya kuzalisha. Tofauti hiyo si ndogo.

Jambo la kwanza la kuangaliwa ni jina la ndege. Watu husema "kware", "kwale" na "kanga" kana kwamba ni ndugu wa tumbo moja. Kanga ni yule mkubwa mwenye madoa meupe na pembe ngumu kichwani. Kwale ni ndege wa ukubwa wa kuku mdogo, mwenye mbio katika majani, ambaye huonekana sana kando ya njia za mashambani. Kware, kama aitwavyo na watu wengi wa Kenya, ni yule mdogo kabisa ambaye watu wa pwani humwita tombo au tomboro. Wajaluo humwita aluru, na Waluhya isindu. Leseni huandikwa kwa jina la ndege maalumu. Mwenye ruhusa ya kufuga kanga hana ruhusa ya kufuga kwale kwa sababu tu wote wawili huliwa. Na ndege mwingine asipokuwamo katika ruhusa hiyo, hapana budi kuuliza kwanza na kununua baadaye.

Njia yenyewe haina giza. Mwenye nia hupeleka maombi katika ofisi ya KWS. Kwa watu wa Nakuru safari si ndefu, maana Hifadhi ya Taifa ya Ziwa Nakuru imepakana na mji, na maofisa wa shirika wako hapo. Katika maombi yake aeleze yeye ni nani, shamba liko wapi, anataka kufuga ndege gani, wangapi, watatoka wapi, na anakusudia kuwafanyia nini. Kuwafuga kwa kuuza mayai ni jambo moja. Kuuza vifaranga kwa wafugaji wengine ni jambo jingine. Kuuza nyama ni la tatu. Ni heri kuyasema yote tangu mwanzo kuliko kukamatwa ukiuza kile usichokitaja. Ada na masharti hubadilika mara kwa mara, kwa hiyo yaulizwe ofisini penyewe, wala si kwa wauzaji wa barabarani.

Kisha lije banda. Hapa watu wengi hukosea utaratibu: hununua ndege, halafu hutafuta mahali pa kuwaweka, halafu hukumbuka leseni. Utaratibu ulio sawa ni kinyume chake. Banda litangulie, mkaguzi aje alione, ruhusa itolewe, ndipo ndege aje. Kanga huruka vizuri kuliko kuku, kwa hiyo ukuta peke yake hautoshi; juu pia pafunikwe kwa wavu. Wengine hupunguza manyoya marefu ya bawa moja ili ndege akose mizani ya kuruka. Chini ya wavu paimarishwe, kwa kuwa kicheche na paka-mwitu huchimba, na nyoka hupenya penye tundu la kidole. Ndani pawe na vijiti vya kulalia juu, mchanga mkavu wa kujigaagaza, na pembe yenye kivuli ambamo jike aweza kujificha akitaga, maana kanga aliyezoea watu bado huona haya wakati wa kutaga.

Ndege wanunuliwe kwa mfugaji ambaye mwenyewe ana leseni, na muuzaji aandike karatasi inayoonyesha jina lake, tarehe, na idadi ya ndege aliowatoa. Karatasi hiyo ndiyo cheti cha kuzaliwa cha kundi lote. Mwenye nayo, hata mtu akimshitaki kwa wivu, husimama pasipo kutetemeka. Asiyekuwa nayo hana jibu, ingawa moyo wake ni safi. Mayai ya porini yasiguswe kamwe. Mtoto anayeleta mayai ya kanga kutoka kichakani hudhani kwamba amemletea baba yake zawadi. Kwa kweli amemletea kesi, naye amelipokonya pori kizazi cha mwaka mmoja.

Baada ya hapo kazi ya kila siku ni daftari. Waswahili husema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari, na hakuna mali inayothibitisha maneno hayo kuliko ndege wa porini walio bandani. Mfugaji aandike mayai yaliyotagwa, vifaranga vilivyoanguliwa, waliokufa, walioliwa na mnyama, waliouzwa, na jina la aliyenunua. Shirika linapotaka hesabu, hesabu iwepo. Tena ndege wakipungua au wakizidi pasipo sababu iliyoandikwa, mkaguzi hana budi kushuku kwamba baadhi yao wametoka porini kwa mlango wa nyuma. Daftari la shilingi chache laweza kuokoa banda la maelfu.

Wala leseni ya KWS haimalizi karatasi zote. Kanga hushikwa na magonjwa ya kuku, pamoja na kideri, kwa hiyo daktari wa mifugo ajue kwamba wako, naye aulizwe kuhusu chanjo na kuhusu ruhusa ya kuwasafirisha kutoka mahali hata mahali. Mwenye kuuza nyama hupaswa kufuata kanuni za ukaguzi wa nyama na za afya ya umma, na mwenye duka hulipia kibali cha biashara cha kaunti. Nakuru ilipandishwa kuwa jiji mwezi Desemba 2021, na anayekaa katika mitaa ya jiji ni vema aulize pia kama kanuni za mahali pake zinaruhusu kufuga. Tena kelele za kanga usiku zaweza kumfanya jirani mpole kuwa adui, hata pasipo kanuni yoyote.

Mtu aliyeyafanya haya yote amejibu swali la kwanza. Sheria yamruhusu. Watu wengi wakifika hapa huona kwamba wamefika mwisho wa safari, nao hutundika leseni ukutani katika fremu ya kioo. Lakini swali la pili lingali limekaa mlangoni, nalo ndilo lililowafilisi watu wengi kuliko askari wa wanyamapori.

Mambo ya zamani yatoe ushahidi. Kabla ya Vita Kuu ya mwaka 1914, walowezi kadhaa katika nchi hii walifuga mbuni. Karibu na Machakos, Harold na Clifford Hill walikuwa na shamba la mbuni, na kazi yao kubwa ilikuwa kupambana na simba waliokuja kula ndege hao. Manyoya ya mbuni yalipelekwa Ulaya, ambako mabibi waliyavaa kwenye kofia, na bei ilikuwa nzuri mno. Katika Afrika ya Kusini watu walijenga majumba ya fahari kwa fedha za manyoya. Kisha mtindo wa kofia ukabadilika, vita vikaja, na mwaka 1914 bei ilianguka vibaya. Mbuni hawakuugua. Hawakuacha kuota manyoya. Yule bibi wa mbali, ambaye mfugaji hakumjua wala hakupata kumwona, alivaa kofia nyingine, basi yakaisha.

Karibu miaka mia moja baadaye, nchi ya Kenya ililiona jambo hilo kwa mara ya pili, safari hii kwa ndege mdogo kuliko ngumi ya mtu. Mwaka 2013 palizuka habari za kware. Hawa hawakuwa wale aluru na isindu wa porini ambao watu wa Nyanza na Magharibi wamewategea tangu zamani, kwa kuwatundika juu ya mti ndege walio kizimbani ili waite wenzao kwa sauti. Walikuwa hasa kware wa Kijapani, waliozoeshwa kuishi na watu. Ilisemekana kwamba mayai yao huponya kisukari, ugonjwa wa mshipa wa damu, na hata magonjwa makubwa zaidi. Hakukuwa na uthibitisho wa kitabibu wa maneno hayo. Yai la kware ni chakula kizuri kama mayai mengine. Dawa ni neno jingine. Lakini uvumi hauna breki, na yai moja likauzwa hata kwa shilingi 50 na zaidi, wakati yai la kuku halikufika robo ya bei hiyo.

Wakati ule mwenye kutaka kufuga kware alihitaji leseni ya KWS, na watu walimiminika kuiomba. Wengine walikopa, wengine waliuza ng'ombe, wengine walitumia fedha za kustaafu. Leseni mkononi iliwapa watu imani ambayo haikuwa kazi yake kuitoa. Walisema, "Serikali imekubali." Ni kweli kwamba serikali ilikubali wafuge. Haikuahidi kwamba mtu atanunua.

Hesabu ya kware ingaliweza kuwaonya. Yai lake huanguliwa kwa siku 17 au 18. Kifaranga jike huanza kutaga akiwa na umri wa wiki sita au saba. Kwa hiyo mtu aliyeanza na majike machache mwezi Januari aliweza kuwa na mamia kabla mwaka haujaisha, na jirani yake vivyo hivyo, na jirani wa jirani yake. Katika miezi ile ya bei kubwa, mnunuzi mkubwa wa mayai na vifaranga alikuwa ni mtu aliyetaka yeye mwenyewe kuwa muuzaji wa mayai na vifaranga. Waliokula walikuwa wachache. Siku kila mwenye kutaka kuanza alipokwisha kuanza, mnunuzi hakuwapo tena. Mwanzoni mwa mwaka 2014 bei iliporomoka. Yai lililokuwa la shilingi makumi likatafutiwa mtu wa kulichukua kwa shilingi chache. Mabanda yakabaki matupu, na mashine za kutotolea mayai zikauzwa kwa hasara. Madeni peke yake hayakupungua.

Kanga hana mbio za kware, na hilo ni jema. Yai lake huchukua siku 26 hata 28 kuanguliwa. Jike huanza kutaga akiwa na miezi saba hivi, naye hupenda kutaga kwa majira, hasa mvua zinapokuja. Vifaranga vyake huogopa sana umande na baridi katika majuma ya kwanza; mtu wa Molo, ambako usiku ni baridi kali, hana budi kutumia makaa au taa kuliko mtu wa Rongai, ambako kuna joto kidogo. Vifaranga hutaka chakula chenye nguvu kuliko kile cha vifaranga vya kuku, na wafugaji wengi huwaongezea mchwa. Tena kuna mtego kwa mnunuzi mgeni: dume na jike hufanana sana. Njia rahisi ya kuwatambua ni sauti. Jike akiisha kukua hutoa mlio wa silabi mbili, tena na tena. Dume hatoi mlio huo. Wako watu waliolisha madume matupu mwaka mzima huku wakilaumu methali ya wahenga.

Mambo haya yote ni gharama, na gharama huingia katika bei. Kwa hiyo kabla ya kununua ndege, mfugaji na atoke nyumbani akatafute mlaji. Aende kwa mpishi wa hoteli Nakuru au Naivasha amwulize: Je, wanunua kanga? Wangapi kwa mwezi? Wakiwa na uzito gani? Wakiwa wamechinjwa au wazima? Walipa siku ile ile au baada ya miezi mitatu? Aende kwa mwenye bucha. Awaulize watu wanaofuga kanga kwa ajili ya ulinzi wa nyumba na kula wadudu shambani. Aandike majibu yao katika daftari lile lile, katika ukurasa wa kwanza, kabla ya ukurasa wa mayai. Akiona kwamba karibu kila anayetaka kununua ni mtu anayetaka naye kufuga ili auze, na akumbuke kware.

Yule Mzee wa Bahati alikwenda Nakuru siku ya Jumatatu pamoja na mtoto wa ndugu yake. Alisimama mbele ya ofisa kijana, akavua kofia.

"Hujambo, Mzee? Karibu ukae," akasema ofisa.

"Sijambo, bwana. Nimekuja kujishitaki mwenyewe," akajibu Mzee, akaeleza habari za tenga pasipo kuficha neno.

Ofisa alimsikiliza hadi mwisho, akamwambia kwamba kuja mwenyewe ni heri kuliko kufuatwa, lakini ndege wasio na asili inayojulikana hawawezi kuandikwa katika leseni. Vifaranga vilichukuliwa. Fedha ya Mzee haikurudi, kwa kuwa kijana wa tenga hakuonekana tena barabarani.

Hilo lilimwuma, na pengo la karo lilibaki. Mjukuu aliingia shule kwa msaada wa shangazi zake, na Mzee aliuza mbuzi wawili aliokuwa hataki kuwauza. Lakini hakulikataa jambo lenyewe. Miezi ilipita. Alijenga banda kwa mbao za kale na wavu mpya, akakaguliwa, akapewa leseni. Kabla ya kununua ndege hata mmoja, alizunguka mji siku tatu kwa miguu, akiuliza wapishi na wenye bucha. Wengi walisema hapana. Wawili walisema watachukua wachache kila mwezi, wakiwa wazuri. Mzee aliporudi nyumbani mtoto wa ndugu yake alimwuliza kama atanunua vifaranga mia, maana leseni ilimruhusu idadi kubwa.

"La, mwanangu," akasema Mzee. "Leseni inasema naweza kufuga wangapi. Wale wapishi wawili ndio waliosema nifuge wangapi." Akanunua kumi na wanane, akapokea karatasi yenye jina la muuzaji, akaibandika katika ukurasa wa pili wa daftari. Ukurasa wa kwanza ulikuwa umekwisha kujaa.